Bi Hebu na Mtaa Ulioligeuzia Soko Mgongo

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuutumikia mji huu, Afisa wa Namba za Nyumba na Mitaa katika ofisi ya baraza letu anastaafu rasmi tarehe thelathini ya mwezi huu. Kwenye barua za ofisi ana jina lake kamili na cheo chake. Nje ya ofisi hayo hayamsaidii mtu kumpata. Mjini anaitwa Bi Hebu, kwa sababu ni nadra kumsikia akianza kusema kwa neno jingine: hebu nione, hebu nieleze, hebu sogea kidogo. Mume wake, muuguzi mstaafu, husimulia kwamba hata siku alipomposa, jibu alilolipata lilikuwa "Hebu rudia." Akarudia, na mpaka leo hajui kama mara ya kwanza hakusikika au alikuwa anapimwa.

Alianza kazi kwenye meza ya mapokezi. Enzi hizo mgeni akiuliza nyumba ya fulani, alielekezwa kama wote tulivyokuwa tukielekezana: nenda mpaka kwa fundi viatu, kata kushoto, ukimwona mbwa mweupe ujue umeshapita. Msichana wa mapokezi alisikiliza maelekezo hayo kwa miezi kadhaa, kisha akamuuliza mkuu wa ofisi aliyekuwa akipita: "Samahani, mzee. Mbwa akifa, yule mtu tutampataje?" Mkuu wa ofisi alicheka sana. Wiki iliyofuata akamhamishia kitengo cha namba za nyumba, ambacho wakati huo kilikuwa kabati moja na mzee mmoja anayesubiri kiinua mgongo.

Chumba chake hakijabadilika tangu hapo. Ni kile cha mwisho ukumbini, jirani na mashine ya kunakili, chenye dirisha linalohitaji kupigwa kiwiko ili lifunge. Ukutani kuna ndoano tatu: ya mwavuli, ya kofia ya jua, na ya tepu ya kupimia. Nyundo haina ndoano. Nyundo hukaa kwenye mkoba wake, kati ya miwani na leso, na kila mlinzi mpya wa getini humsimamisha siku ya kwanza na kumwamkia kwa heshima siku zote zinazofuata.

Lipo kosa lake moja ambalo mji mzima unalijua, na kwa kuwa mwenyewe hulisimulia kwa raha, nasi tutalisimulia. Mwaka wake wa kwanza kwenye kitengo, akiwa na haraka ya kumaliza mtaa kabla ya mvua, aligongelea namba kwenye banda la kuku. Banda lenyewe lilikuwa na mlango mzuri wa bawaba, komeo la shaba, na pazia. Mwenye banda, fundi baiskeli asiyependa kuharibu utani unaojileta wenyewe, alinyamaza kimya. Walipokuja watu wa kuhesabu watu, wakaikuta namba, wakauliza wakaaji wa nyumba ile ni akina nani.

"Ni wanawake watupu," fundi akawajibu, "na mume mmoja. Wote wanalala mapema, nawaomba msipige hodi kwa nguvu."

Wakaandika hivyo hivyo. Swali la namna watu wengi kiasi kile walivyoenea mle ndani lilikuja kuulizwa ofisini baadaye, mbele ya Bi Hebu, na waliokuwepo wanasema aliinamisha kichwa mezani mabega yakimtikisika, wasijue kama analia au anacheka. Alikuwa akifanya yote mawili. Tangu siku ile alijiwekea utaratibu ambao haumo kwenye kanuni yoyote ya baraza: hagongelei namba kabla hajaingia ndani kwa mlango wenyewe wa mbele, akakaa, akazungumza na wenye nyumba. Wakubwa zake walilalamika kwamba anachelewesha kazi. Ni kweli, alichelewesha. Ila hakupatikana tena kuku mwenye anwani.

Utaratibu huo ndio uliomfikisha mteremkoni, na hapa inabidi twende polepole, maana wengi wa watakaosoma jarida hili walikuwa bado hawajaajiriwa.

Mteremkoni ni mtaa wa watu waliokuja. Walikuja kwa makundi wakati wa vurugu za kule walikotoka, kwa miguu, kwa njia moja ya vumbi inayopanda kutoka bondeni. Wakapewa kipande cha ardhi kati ya njia ile, iliyo chini, na barabara ya soko, iliyo juu, wakajenga. Anayeandika maneno haya ni mmoja wao, na ndiye aliyekuwa akipaka rangi vibao vya Bi Hebu mpaka macho yalipogoma. Barabara ya soko ndiko kuliko na maji, taa, maduka na watu. Mtu yeyote angetegemea nyumba zifunguke upande huo. Lakini nyumba zote za mteremkoni, bila kubakisha hata moja, zililigeuzia soko mgongo. Upande wa juu ulikuwa ukuta mtupu na kidirisha cha jikoni. Milango yote ilitazama chini, kwenye njia ambayo haikuwa na jina wala taa, na ambayo mvua ikinyesha iligeuka uji.

Baraza lilikuwa limepanga kuchimba mtaro mkubwa wa maji ya mvua kukatisha mteremko. Mtaro ungezikwepa nyumba na kupitia penye mabanda. Sasa nyumba ni ipi, na banda ni lipi? Kanuni ilikuwa na jibu: nyumba ni yenye namba, na namba hupewa ile ambayo mlango wake wa mbele unatazama barabara inayotambuliwa. Kwa hesabu hiyo mtaa mzima ulikuwa mabanda, na mabanda yangeondolewa kiangazi kile. Njia ya kujiokoa ilikuwa rahisi: kila mmoja avunje ukuta wa jikoni, aweke mlango upande wa soko, na kuuziba ule wa chini. Fundi mwashi wa mtaani alisema ni kazi ya siku mbili kwa nyumba, tena atawapunguzia bei.

Bi Hebu alishuka mteremkoni kupeleka habari hiyo, akidhani ni habari njema. Alizunguka nyumba ya kwanza mara mbili akitafuta pa kubishia hodi. Alipopata mlango, akakaribishwa, akakaa, akaeleza. Watu wakasikiliza vizuri. Wakamshukuru. Wakaitikia ndiyo, mama, tumekuelewa. Wiki zikapita, na hakuna aliyenunua hata mfuko mmoja wa saruji.

Aliyekataa wazi alikuwa mmoja tu, mama mshonaji wa nyumba ya kwanza kutoka bondeni, mwenye binti mdogo na cherehani ya kukanyaga iliyowekwa pale pale mlangoni. "Ukuta wa jikoni vunjeni," alisema bila kuinua macho kwenye kitambaa. "Dirisha chukueni, bati chukueni. Mlango huu hauzibwi."

"Hebu nieleze, dada. Hauzibwi kwa nini?"

"Kwa sababu ni mlango."

Afisa mwingine angeandika kwamba wakazi wamekataa, akarudi ofisini, na kiangazi kingemaliza kazi. Bi Hebu alishindwa kulala vizuri, na tunajua hivyo kwa sababu mumewe alikuja ofisini kulalamika. Haikuwa huruma iliyomsumbua, si mwanzoni. Ilikuwa ni kutaka kujua. Mtaa mzima wa watu wenye akili timamu, mafundi, wafanyabiashara, unaelekeza milango yake kwenye tope na kuyapa mgongo maji na taa. Na unakaribia kubomolewa kwa ajili ya hilo. Na haumwambii mtu sababu.

Akaanza kuuliza nyumba kwa nyumba. Seremala akamwambia ni upepo: upande wa juu unapiga sana. Bi Hebu akasimama uani kwa seremala akiwa ameinua leso yake hewani kama anayeaga gari la abiria, na leso ikapepea kuelekea juu. Upepo ulitoka bondeni, ukiingia moja kwa moja kwenye ile milango. Kinyozi akasema ni vumbi la magari. Bi Hebu akapitisha kidole kwenye kioo cha kinyozi na kumwonyesha vumbi lililokuwa limejaa pale pale. Muuza mkaa akasema yeye alijenga hivi kwa kuwa jirani yake alijenga hivi. Jirani yake akasema yeye alimwiga muuza mkaa.

"Shemeji," kinyozi akamtania siku ya tatu au ya nne, "ofisini kwenu kazi zimeisha? Au umetoroka kupika?"

"Anayepika kwangu ni mume wangu," Bi Hebu akajibu, "tena ananishinda. Hebu nipishe hapo kwenye benchi."

Ndipo akafanya jambo lililowachekesha watoto. Akaomba kigoda kwa mama mshonaji, akakiweka nje karibu na cherehani, akakaa akitazama upande ule ule ambao milango ilitazama. Hakuuliza kitu. Alikuja adhuhuri, akakaa mpaka jioni, na kesho yake akarudi.

Kwa yule ambaye hakulijua, lilikuwa jambo dogo mno. Mtu alitokea kule chini, mbali, mahali njia inapokunja kona kutoka bondeni. Kutoka umbali ule alikuwa kijiti tu kinachosogea. Cherehani ikanyamaza. Bi Hebu akageuka kumtazama mshonaji.

"Uzi umekatika," mshonaji akasema.

Mpita njia akakaribia. Alikuwa mwanamke mwenye kuni kichwani. Cherehani ikaanza tena. Baada ya muda akatokea mwingine, naye alikuwa mwanamume anayekokota baiskeli. Cherehani ikanyamaza.

"Na sasa hivi," Bi Hebu akauliza taratibu, "ni uzi tena?"

Na hapo ndipo alipogundua kwamba si cherehani peke yake. Randa ya seremala nayo ilikuwa kimya. Mkasi wa kinyozi ulikuwa hausikiki, na mteja wake alikuwa amekaa na nusu ya kichwa, akingoja bila kuuliza. Mtaa mzima ulikuwa umeshika pumzi. Mwenye baiskeli akapita, akatoa salamu, akaitikiwa. Randa ikaanza, mkasi ukaanza, na mama mshonaji akashika tumbo akicheka, akacheka mpaka ikawa kitu kingine, akajifuta uso kwa kanzu ya mteja aliyokuwa anaishona.

Kisha akasema. Wakati wa kukimbia, kwenye njia ile ile, mumewe alikumbuka kwamba mama yake mzazi amebaki nyuma na kundi jingine. Akamshusha mtoto begani, akamfunga mgongoni kwa mkewe, akasema: "Tangulieni. Nitawafuata kwa njia hii hii." Hakutaja mji, kwa kuwa hawakujua watafikia mji gani. Alitaja njia. Ndiyo maana mkewe alipopewa kiwanja alichagua cha kwanza kabisa kutoka bondeni, na alipoulizwa mlango ukae wapi hakuhitaji kufikiri.

"Akija na kukuta ukuta," alisema, "atadhani hatukufika."

Bi Hebu alipomweleza seremala kwamba sasa amejua habari ya mlango wa mama mshonaji, seremala akaweka randa chini, akauliza kwa mshangao: "Na yeye pia?" Yeye alikuwa anamngoja kaka yake. Kinyozi alikuwa anawangoja wazazi. Muuza mkaa, yule aliyedai kumwiga jirani, alikuwa anamngoja mtoto wa dada yake. Tulikuwa tumeishi ukuta kwa ukuta miaka yote ile, tukiazimana chumvi na moto, na kila mmoja aliamini kwamba ni yeye peke yake aliyegeuza mlango kwa ajili hiyo, na kwamba wenzake waliugeuza kwa ajili ya upepo. Watu waliopoteza watu wao huogopa kuonekana wapumbavu kwa kungoja. Alihitajika mtu wa nje, asiyeona haya kuuliza, ili tujuane.

Alilipeleka suala hilo barazani. Halikupokelewa vizuri. Mwenyekiti wa wakati ule, mtu mwema lakini mwenye haraka, alisema baraza haliwezi kuchimba mtaro kwa kufuata majonzi. Mhandisi akaongeza kwamba njia ya bondeni si barabara inayotambuliwa, na nyumba inayotazama njia isiyotambuliwa haipati namba.

"Hebu nielezeni," Bi Hebu akasema, "barabara hutambuliwa vipi?"

Mhandisi akapekua kanuni, akasoma kwa sauti iliyoanza kupungua nguvu: barabara inatambuliwa ikiwa pembeni yake zipo nyumba zenye namba.

Kikao kikaangua kicheko, na mhandisi mwenyewe akawa wa mwisho kunyamaza. Lakini kicheko hakipitishi azimio. Mwenyekiti alikubali jambo moja tu, kwenda kuona kwa macho yake, na akasisitiza kwamba hatakaa.

Alikaa. Bi Hebu alimwekea kigoda pale pale pembeni ya cherehani, akamwomba avute pumzi kidogo kabla ya kupanda mteremko. Mwenyekiti akaanza kueleza faida za mtaro. Alikuwa katikati ya maelezo hayo mtu alipotokea kwenye kona ya bondeni. Cherehani ikanyamaza. Randa ikanyamaza. Mwenyekiti naye, bila kuelewa kwa nini, akakatisha maneno yake, akageuka, kisha akanyanyuka kutoka kwenye kigoda na kukinga macho kwa mkono apate kuona vizuri. Tukasimama wote hivyo, sisi na mwenyekiti wa baraza, mpaka mtu yule akakaribia na kuonekana kwamba ni muuza vyungu, anayepita kila wiki.

"Siye," kinyozi akasema, akirudi kwa mteja wake.

"Siye nani?" mwenyekiti akauliza.

Randa na cherehani zikaanza tena. Bi Hebu alifungua mkoba wake akatafuta miwani, akaitafuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mwenyekiti akakaa tena. Kwenye kikao kilichofuata yeye mwenyewe ndiye aliyetoa hoja kwamba njia ya bondeni itambuliwe kuwa barabara, iwekwe changarawe na taa, na mtaro upitishwe nyuma, upande wa soko, penye ukuta mtupu. Hakuna mlango hata mmoja uliozibwa. Asubuhi iliyofuata Bi Hebu aligongelea namba moja kwenye nyumba ya mama mshonaji. Kwa utaratibu wake, aliingia kwanza ndani, akakaa, akanywa chai. Mpaka rangi wake, huyu huyu anayeandika, alikuwa ameipaka namba ile kubwa kupita kipimo cha kanuni, ili isomeke kutoka mbali, na afisa aliitazama, akaipima kwa tepu, akaamua kutokuuliza.

Yapo mengi mengine ya kusifu katika utumishi wake. Mitaa ya upande wa machinjioni, ambayo zamani magari ya wagonjwa yalipotelea humo, sasa ina vibao kila kona. Ndugu wawili wauza mikate waliogombea namba moja ya nyumba aliwapatanisha kwa kuigongelea katikati, kwenye nguzo, na kuwaambia kila mmoja ahesabu ni yake. Wafanyakazi wote waliopita chini yake walifundishwa kupiga msumari bila kupasua mbao na kuuliza swali bila kumpasua mtu. Lakini tuliporuhusiwa kuchagua moja la kulieleza kwa urefu, tulichagua la mteremkoni, kwa sababu bado halijaisha.

Barabara ya bondeni leo ina duka la dawa, karakana ya seremala na shule ndogo. Miaka michache baada ya kuwekwa taa, kaka yake seremala alikuja kweli. Alijulikana kwa mwendo wake tangu kwenye kona, na seremala alikimbia kumlaki akiwa bado ameshika randa mkononi, watu wakamfuata nyuma wakidhani kuna ugomvi. Wazazi wa kinyozi hawakuja. Mume wa mama mshonaji hajaja.

Mwaka huu yule binti wa mshonaji, ambaye sasa ni mwalimu na ana watoto wake, amejenga kwenye kiwanja hicho hicho cha mama yake, nyuma kidogo, upande wa juu. Mlango wake ameuelekeza kwenye barabara ya soko. Baadhi yetu wazee tulinung'unika, na haikuwa siri. Tulisema mtoto wa nyumba ya kwanza, kuliko wote, ndiye anayeligeuzia bonde mgongo. Mwalimu alisikia, na inasemekana alifikia hatua ya kumwita fundi ili mlango uhamishwe.

Kazi ya mwisho aliyoifanya Bi Hebu kabla ya kukabidhi ofisi ilikuwa kugongelea namba kwenye nyumba hiyo. Alikuja na nyundo yake, akawakuta fundi na mwalimu wamesimama wakijadiliana. Akapita katikati yao, akashuka mpaka mlango wa chini, kwa mama mshonaji, aliyekuwa amekaa pale pale, miwani puani, mguu kwenye cherehani.

"Hebu niambie, dada. Mlango wa binti yako utazame wapi?"

"Utazame sokoni, kwenye maji na taa," mama mshonaji akasema. "Kumngoja baba yake ni kazi yangu, na mimi bado sijastaafu."

Bi Hebu akamwinamia, akamshika bega, akapanda tena juu. Fundi akaambiwa aende zake. Mwalimu akafungua mlango, afisa akaingia, akakaa, akazungumza na wenye nyumba, kisha akatoka nje na kupiga misumari minne.

Ofisi ya baraza inakushukuru, Bi Hebu, kwa kazi uliyoifanya na kwa namna ulivyoifanya. Mteremkoni wanakushukuru kwa yale ambayo ofisi haina jina lake. Mumeo tunamwombea uvumilivu, maana sasa utakuwa nyumbani kutwa. Ustaafu wako uwe mrefu na wenye afya, usingizi wako uwe mzuri, na maswali yasikuishie.